Kadi ya Grafiksi kwa Kompyuta ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa zile kompyuta za mezani za ofisini zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika, ambazo maduka ya Kisumu, Nakuru na Kakamega huziita "ex-UK": Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Compaq, Lenovo ThinkCentre, nyingi zikiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 2 hadi cha 6. Ni mashine ngumu, hazifi ovyo. Lakini zilitengenezwa kwa kazi za karani. Wengi hununua kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za skrini) kwanza, halafu ndipo wanafungua kasha. Fanya kinyume: fungua kasha, soma saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani), pima nafasi, kisha uulize bei.

Nitajuaje mashine yangu ni ipi hasa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Nakili mistari mitatu: System Model, Processor na BIOS Mode. Ikiwa prosesa ni i5-3470, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha 3. i5-4570 ni ya kizazi cha 4.

Jina la modeli peke yake halitoshi. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ilitoka kwa makasha manne: MT (mnara), DT (ya kulala), SFF (ndogo) na USFF (ndogo zaidi). MT husimama kama sm 36 na upana wake ni sm 17.5. SFF ina kimo cha sm 29 na unene wa sm 9.3 tu. USFF haina sloti ya kadi ya grafiksi kabisa, na ndivyo zilivyo pia zile ndogo zinazoitwa Micro, Mini na Tiny. Kama yako iko katika kundi hilo, usisumbuke kusoma zaidi. Na ukitafuta mtandaoni uwe mwangalifu: mwaka 2023 Dell walilirudia jina la 7010 kwa mashine mpya tofauti kabisa, na vipimo vyake havihusiani na hii ya zamani.

Saplai yangu inatosha?

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Fungua ubavu wa kasha, usome karatasi iliyobandikwa kwenye saplai, usitegemee kumbukumbu ya muuzaji. OptiPlex 7010 MT huja na saplai ya wati 275, SFF yake wati 240. OptiPlex 9020 MT ina wati 290, SFF yake 255. HP EliteDesk 800 G1 SFF ina wati 240, na ile ya mnara 320.

Usiishie kwenye namba kubwa. Kadi hula karibu umeme wake wote kutoka laini ya volti 12, kwa hiyo tafuta palipoandikwa +12V na ampea zake, uzidishe. Ampea 18 mara volti 12 ni wati 216. Hizo ndizo za kugawana prosesa na kadi; zilizobaki ni za volti 5 na 3.3, na kadi haina haja nazo kubwa.

Sasa piga hesabu. i5-4570 imepangiwa wati 84. Ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) na feni, weka 30. Diski moja, 8. RAM vipande viwili, 6. Hiyo ni 128. Ongeza kadi ya wati 75 upate 203. Kwenye saplai ya 290 unapumua. Kwenye ya 240 bado inapita kwa karatasi, lakini saplai iliyofanya kazi miaka 10 haitoi tena kile ilichotoa ikiwa mpya, hasa ikiwa imejaa vumbi. Kwa SFF ya wati 240 ni busara kukaa kwenye kadi za takriban wati 50 kushuka chini.

Saplai ikizidiwa, dalili yake si skrini kuharibika. Kompyuta huzima ghafla, pah, katikati ya mchezo, au hujiwasha upya video inapoanza kutolewa. Ikiwa inatulia unapovinjari na inakufa tu kadi inapofanya kazi, anza kushuku saplai.

Kwa nini kila mtu anasema "isiyo na waya wa umeme"?

Kwa sababu sloti ya PCI Express x16, ambamo kadi huchomekwa, imewekewa kikomo cha wati 75, na kadi zilizobuniwa ndani ya kikomo hicho hazihitaji kitu kingine. Zinazozidi hapo huwa na soketi ya pini 6, inayoongeza wati 75, au pini 8, inayoongeza 150. Saplai za mashine za ofisini kwa kawaida hazina nyaya hizo. Kadi kama RX 580, ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia, hula wati 185. Haina kazi hapa, hata ikipewa bure.

Nimeonyeshwa waya wa kugeuza SATA, ule wa umeme wa diski, kuwa pini 6. Niutumie?

Hapana. Kiunganishi cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja imewekewa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi itaomba hadi 75. Tofauti hiyo huishia kwenye plastiki: kwanza inapata rangi ya kahawia pembeni, halafu inalainika, halafu unasikia harufu. Waya wenyewe ni wa bei ya soda mbili, ndiyo sababu unauzwa sana.

Basi nikibadilisha saplai yote?

Kwenye mnara, inawezekana, ila angalia soketi ya ubao mama kabla ya kwenda dukani. OptiPlex 7010 hutumia pini 24 za kawaida. OptiPlex 9020 hutumia pini 8 za Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6 za HP. Kuna nyaya za kugeuza kutoka pini 24 kwenda kwenye hizo, na zinafanya kazi vizuri, lakini lazima ziwe za modeli yako. Ya Dell haiingiliani na ya HP. Pima pia saplai yenyewe na matundu yake ya skrubu, kwa maana si kila mnara unapokea umbo la ATX, lile la saplai za kawaida za dukani.

Kwenye SFF, saplai ina umbo la kampuni yenyewe. Utalazimika kuiacha mpya ikining'inia nje ya kasha. Usifanye hivyo.

Na tahadhari moja: saplai mpya iliyoandikwa "500W", nyepesi mkononi kama kopo tupu, mara nyingi ni dhaifu kuliko ile ya zamani ya Dell ya wati 290. Soma ampea za volti 12 hapo hapo dukani. Ikiwa hazikuandikwa, rudisha kwenye rafu.

Kadi itaingia ndani ya kasha?

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima vitu vitatu.

Urefu: kutoka bati la nyuma, pale skrubu inapokaa, hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele, kwa kawaida kizimba cha diski. Toa sm 1. Kadi nyingi za feni moja zina sm 15 hadi 17. Za feni mbili hufika sm 20 na zaidi.

Kimo: SFF hupokea kadi nusu kimo tu, zinazouzwa kwa jina la "low profile", na bati lake lina takriban sm 8 badala ya sm 12. Muulize muuzaji kama bati fupi lipo kwenye boksi. Kadi za mitumba hupotezewa bati hilo kila siku, na bila hilo kadi inabaki ikiyumba kwenye sloti, mpaka siku mtu anavuta waya wa monita na mashine inazima.

Unene: kadi ya sloti mbili hukaa juu ya sloti ya jirani. Kwenye SFF nyingi za Dell sloti kuu imebanwa na saplai, na kadi nene haipiti. Tafuta ya sloti moja. Hata kwenye mnara, chungulia chini ya mahali kadi itakapolala: soketi za SATA zinazotazama juu zinaweza kufunikwa.

Kuna sloti mbili ndefu zinazofanana. Ipi?

Kwenye OptiPlex 7010 na 9020, ya bluu ndiyo x16 ya kweli, yaani yenye njia 16 za data. Nyeusi ina umbo la x16 lakini imeungwa kwa njia 4 tu. Kadi itawaka kwenye zote mbili, ndiyo maana watu hawagundui. Ukishaiweka, fungua programu ya GPU-Z usome mstari wa Bus Interface. Ukiona "@ x16 1.1" usiogope; kadi ikipumzika hujishusha. Bofya alama ya kuuliza pembeni, iache ifanye jaribio dogo, na namba ya mwisho itapanda hadi 2.0 au 3.0.

Prosesa za kizazi cha 2 zinaishia PCI Express 2.0, na i3 za kizazi cha 3 pia; i5 na i7 kuanzia kizazi cha 3 ni 3.0. Kadi za toleo jipya hurudi nyuma bila shida. Tatizo ni kadi zenye njia chache: RX 6400 ina njia 4 pekee. Kwenye 4.0 hizo zinatosha. Kwenye 2.0 kila njia hupitisha karibu MB 500 kwa sekunde, kwa hiyo unabaki na GB 2 kwa sekunde, na mchezo unaojaza kumbukumbu ya kadi unaanza kukwamakwama.

Kwa hiyo ninunue ipi?

Kwa mnara wenye saplai ya wati 275 na kuendelea: GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote zina GB 4 na zote zimepangiwa wati 75. Hakikisha ni toleo lisilo na soketi ya umeme, kwa maana baadhi ya GTX 1650 zina pini 6. Mwenye fedha zaidi atazame RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024 na hula wati 70. Si ile ya GB 8. Hiyo ya GB 8 ina jina lile lile lakini ni wati 130, na hapo ndipo watu hudanganywa au hujidanganya.

Kwa SFF: kadi za ofisini za NVIDIA ndizo rafiki wa kweli. Quadro P620 hula wati 40, P1000 wati 47, T600 wati 40, T1000 wati 50. Zote ni nusu kimo, sloti moja. Matundu yake ni Mini DisplayPort, kwa hiyo weka bajeti ya adapta. RX 6400 hula wati 53 na pia ina matoleo nusu kimo, lakini haina kifaa cha kusimba video, hivyo mwenye studio ya harusi anayetoa video kila wikendi hatapata msaada wake hapo.

GT 1030 ni sawa kwa kutazama video na michezo myepesi, mradi iwe ya kumbukumbu ya GDDR5. Kuna nyingine ya DDR4, boksi linafanana, jina linafanana. Kasi ya kumbukumbu ya ya kwanza ni GB 48 kwa sekunde, ya pili haifiki 17. GT 710 iache. Ukitoka kwenye grafiksi ya HD 4600 iliyo ndani ya prosesa ya kizazi cha 4, huoni tofauti ya maana.

Intel Arc A380 inaingia kwenye wati 75, ila inategemea kipengele cha Resizable BAR (kinachoiwezesha prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja) ambacho mashine hizi hazina. Bila hicho inapoteza nguvu nyingi.

Prosesa yangu ya zamani haitaizuia kadi?

Itaizuia kiasi. Swali ni kama utaliona hilo. Fungua Task Manager mchezo ukiendelea. Prosesa ikiwa 100% na kadi 50%, kadi inasubiri. i5 ya viini vinne, ya kizazi cha 3 au 4, huenda sambamba na GTX 1050 Ti bila ugomvi. i3 ya viini viwili itahema. Ukipandisha ubora wa picha mzigo huhamia kwenye kadi. Ukishusha, unamrudishia prosesa. Watu hushusha wakitarajia ulaini, halafu wanashangaa mchezo bado unaruka.

Angalia RAM pia. GB 8 katika vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kipande kimoja cha 8. Na kama malalamiko yako ni kwamba kompyuta inachukua dakika tatu kuwaka, hilo si la kadi. Nunua diski ya SSD.

Monita yangu ina VGA tu.

Kadi zote zilizotajwa hapo juu, isipokuwa GT 710, hazitoi mawimbi ya VGA. Kile kiplagi cha DVI kwenda VGA kilichomo kwenye droo ya kila fundi hakitaingia: kina pini nne kuzunguka ule ubapa, na tundu la kadi halina nafasi zake. Unahitaji adapta yenye chipu ndani, ya HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Nenda nayo dukani ukaijaribu, kwa maana zile dhaifu hutoa maandishi yenye ukungu.

Nimeweka kadi, skrini ni nyeusi. Nifanyeje?

Kwanza, waya wa monita umechomekwa wapi? Ukibaki kwenye tundu la ubao mama hutaona kitu, na hili ndilo kosa nambari moja, hata kwa mafundi.

Kama waya uko sawa, zima, chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 5 kumaliza chaji. Toa kadi. Sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, polepole, upande mmoja kisha wa pili, upanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na uache ikauke. Irudishe hadi usikie kibanio cha mwisho wa sloti kikilia.

Bado? Toa kadi, rudisha waya wa monita kwenye tundu la ubao mama, uingie BIOS, ile programu ya ubao mama inayowasha kompyuta (F2 kwa Dell, F10 kwa HP). Kadi mpya hutaka mfumo mpya wa kuwasha, UEFI. Mashine iliyowekwa Legacy, yaani mfumo wa zamani, inaweza kukataa kuionyesha. Pandisha BIOS hadi toleo la mwisho la kampuni kwanza, na usifanye hivyo saa ambazo stima inayumba. Tena usigeuze tu Legacy kuwa UEFI kama Windows imewekwa kwa mtindo wa MBR, ule wa zamani wa kugawa diski: haitawaka mpaka diski igeuzwe kwa programu ya mbr2gpt au Windows iwekwe upya.

Kisa kimoja huchosha vichwa vya watu: kadi inafanya kazi wiki nzima, stima inapotea usiku, asubuhi skrini nyeusi. Ni betri ya CR2032. Imekwisha, kwa hiyo kila umeme ukikatika BIOS inasahau ulichoweka na kurudi kiwandani. Nunua mpya, ya volti 3, kabla ya kumlaumu aliyekuuzia kadi.

Nitajuaje kadi ya mtumba si feki?

GTX 1050 Ti ndiyo iliyoghushiwa sana. Ndani huwa ni chipu ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti iliyobadilishwa jina. Tundu la VGA kwenye "1050 Ti" ni dalili tosha. GPU-Z nayo huandika [FAKE] mbele ya jina. Njoo na programu hiyo kwenye flashi.

Dai kadi iwashwe mbele yako, kwenye mashine inayofanana na yako, dakika 15 chini ya mzigo. Tazama joto lisipite nyuzi 85, sikiliza feni ikikwaruza, angalia kama kuna vidoti vya rangi kwenye skrini. Lipa kwa M-Pesa baada ya hapo, si kabla. Jihadhari pia na P106-100, iliyotengenezwa kuchimba sarafu za kidijitali: haina tundu hata moja la monita.

Draiva je? Na Windows 10?

Futa draiva (programu zinazoendesha kadi) za zamani kwa programu ya DDU, kisha pakua za NVIDIA au AMD kutoka tovuti zao. Kadi za mfululizo wa GTX 750, 900 na 1000, ikiwemo GTX 1050 Ti, zilipata draiva za mwisho za michezo mwishoni mwa 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Zinafanya kazi bado, ila usizilipe kama mpya. GTX 1650 haimo katika kundi hilo.

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kadi haitakupa Windows 11: Microsoft hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi na chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Hali ya hewa yetu ina madhara?

Ina. Karibu na Ziwa Victoria, wale wadudu wadogo wanaokuja kama wingu hufuata mwanga wa taa usiku na kuvutwa na feni. Fungua kadi uone: wamekauka katikati ya mapezi ya kipoza joto, wamechanganyika na vumbi kuwa kama blanketi. Safisha kila baada ya miezi miwili kwa brashi laini, ukiishika feni isizunguke. Nakuru shida ni vumbi tupu, dawa ni ile ile.

Kakamega na Kisii radi hupiga sana msimu wa mvua. Chomoa ukutani, na usisahau waya wa intaneti. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba kama wati 360: inatosha kuhifadhi kazi na kuzima, si kumaliza mechi.

Naagiza kutoka Nairobi. Isafirishwe vipi?

Ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji pande zote sita, kisha boksi gumu. Gazeti halitoshi kwa barabara ya kilomita 350 hadi Kisumu. Omba video ya kadi ikifanya kazi huku namba tambulishi (serial number) ya nyuma ikionekana, ilinganishe ukipokea. Na usikubali isafiri ikiwa imefungwa ndani ya kompyuta: uzito wake hukwanyua sloti kwenye tuta la kwanza.